Paneli Mbili Juu ya Bati la Mama

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu Waya,

Pokea salamu zangu, na salamu za nyumba hii uliyoijua tangu haijawekwa sakafu ya saruji. Ni matumaini yangu barua itakukuta mzima, wewe na wifi na yule mtoto ambaye mimi shangazi yake sijamwona hata akiota jino. Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo, ila kifundo cha mkono wa kulia kinamsumbua tangu alipoanguka, nitakueleza mbele. Mimi mgongo ni uleule wa fundi cherehani, asubuhi unanipa adabu, jua likipanda unanisahau.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Simu nimekupigia mara nne, mara zote umekata, na sikulaumu. Anwani nimepewa na wifi, tena kwa shingo upande, baada ya kumwapia kwamba sitaandika neno la kukuudhi. Kwa hiyo nakuomba ukae chini usome mpaka mwisho. Usiichane katikati. Yaliyonifanya ninunue bahasha yapo huko mwisho.

Hakuna haja ya kujitia hamnazo, wewe na mimi tunajua kilichotutenganisha. Miaka miwili na zaidi imepita tangu uifungie sola nyumba hii, kazi yako ya kwanza baada ya kuacha kuajiriwa. Uliweka paneli mbili juu ya bati, betri sebuleni nyuma ya kabati, na ile inveta ya kijivu, ya kugeuza umeme wa betri uwe wa soketi, kwenye ukuta wa chumba changu cha kushonea. Haikumaliza miezi mitatu, inveta ikafa. Ulikuja na begi lako la vifaa, ukaomba uifungue uangalie ndani, Mama akakuambia usiiguse, maana utaficha ushahidi wako mwenyewe. Akasema umemuuzia mama yako mzazi kitu cha bandia. Maneno yakaruka uzio. Zile nyumba kumi na moja za mtaa huu zilizokuwa zimekuagiza, zote zikakugeuka, ukafunga duka na kuhama. Tangu siku hiyo jina lako halitajwi mezani. Wageni wakimuuliza Mama ana watoto wangapi, anakohoa kwanza.

Sasa huku umeme umekuwa wa kubahatisha. Unakatika asubuhi, unarudi wakati wa kupika, unakatika tena. Mwezi uliopita magharibi ilimkuta Mama kwenye ukumbi amebeba beseni la nguo, taa zikazimika, akakanyaga ndala zangu, akaenda chini na beseni lake. Mkono ukavimba kama andazi. Alipotoka kufungwa bandeji alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba tutafute sola tena. Nikadhani sikusikia vizuri. Akaongeza kwamba safari hii hatumwamini mtu, tutawapima wote kwanza, na wa kuwapima ni mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Na kweli ndiyo kazi yangu. Tangu nianze kuvaa futi shingoni, ukaacha kuniita dada ukaniita Futi, sijawahi kukutana na mtu anayesema kweli juu ya kiuno chake. Wanakuja, wanavuta tumbo, wanaacha kupumua, wanadhani futi haina macho. Mimi nawaacha wavute, halafu nawauliza swali la pembeni, juu ya watoto wao au bei ya sukari, wakijisahau wakashusha pumzi, ndipo naandika. Nikaona nitawafanyia hivyohivyo watu wa sola. Nikafungua ukurasa mpya kwenye daftari la vipimo, nikaandika taa ngapi, cherehani ya umeme moja, redio ya Mama, simu, na kila kimoja kinafanya kazi saa ngapi. Chini yake nikaandika swali langu la pembeni, ambalo nilitaka kila muuzaji aulizwe akiwa amejisahau: je, pasi itawaka?

Unajua kwa nini nilichagua swali hilo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba pasi inakula umeme kuliko taa zote za nyumba hii zikijumlishwa, na kwamba mtambo mdogo wa nyumbani haubebi pasi hata ukiubembeleza. Nikajiambia atakayesema ndiyo ni mwongo, mlango ule pale.

Wa kwanza kuja alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe, tai, kompyuta ya kubonyeza kwa kidole. Mama alimpa jina palepale jikoni: Tabasamu. Hakuwa ameketi vizuri ameshasifu mapazia, amesifu ukuta, amemsifu Mama kwa kulea binti mchapakazi. Mimi nikasema moyoni, huyu amevuta tumbo. Hakupanda juu ya bati. Hakuuliza hata jua linatoka upande gani. Alichouliza, tena kwa sauti ya kumwonea mtu huruma, ni nini kilichomvunja Mama moyo huko nyuma mpaka akawa na wasiwasi hivi.

Mama akamweleza. Miaka miwili hajamweleza mtu, akamweleza mgeni wa robo saa. Alimsimulia jinsi mwanawe wa kumzaa alivyomfungia kitu feki, na jinsi alivyoaibika mbele ya majirani. Tabasamu akatikisa kichwa taratibu, akaandika kwenye kompyuta yake. Kuanzia hapo, mdogo wangu, kila sentensi yake ilikuwa na wewe ndani. Dhamana yao ni ya kweli, siyo kama ya mafundi wa kifamilia. Wao wana ofisi, hawahami mji. Ndugu ndio wanaoumiza zaidi kwa sababu huwezi kuwashitaki. Alikuwa amekuokota kwenye mdomo wa Mama na kukugeuza kifaa cha kazi. Mama anaitikia, na mimi nimekaa pale na futi shingoni, nakata uzi usiohitaji kukatwa.

Halafu ikaja bei. Bei yake ilikuwa ya siku hiyo tu, inakufa saa kumi jioni. Nilipomwambia tunahitaji kufikiri, akasema hebu ajaribu kutuombea kwa mkubwa wake, akapiga simu akaweka sauti ya wazi ili sote tusikie. Mkubwa akaguna, akakataa, Tabasamu akabembeleza, akataja mkono wa Mama ulivyofungwa bandeji. Katikati ya mabembelezo hayo jogoo wa jirani akawika. Akawika nje ya dirisha, na akawika vilevile ndani ya simu. Nikainuka kana kwamba nafunga pazia. Gari lao lilikuwa nje ya geti, na ndani yake mkubwa wa ofisi ameegemeza kiti, simu sikioni, anatuonea huruma.

Nikarudi nikamuuliza swali langu la pembeni, tena kwa upole kabisa. Akasema pasi itawaka, hata pasi mbili kwa pamoja, na jiko la umeme juu yake. Nikaandika kwenye daftari alama ya mkasi, ambayo kwangu maana yake ni kitambaa cha kurudisha dukani. Kabla hajaondoka alitazama juu ya bati kutokea chini, akasema zile paneli chakavu zilizopo tusiwe na wasiwasi nazo, vijana wake watatuondolea takataka hizo bure.

Wa pili alikuja na koti la kung'aa na ubao wa kuandikia, akasema yeye hauzi kitu, anafanya makadirio ya mradi, na nyumba tatu tu za mtaa huu zimechaguliwa. Yetu ni ya pili. Ya kwanza ni ya Mama Duka, ambaye ameshaweka saini. Alitupatia tochi ya zawadi. Nikamwomba dakika moja, nikavuka barabara na ndala zangu, nikamuuliza Mama Duka kama kweli ameweka saini. Akanishangaa. Yeye ameambiwa nyumba ya kwanza kuweka saini ni yetu, na alikuwa ameshatoa kalamu. Niliporudi mtu wa makadirio alikuwa ameshaondoka na ubao wake, na tochi akaichukua. Tulicheka, Mama na mimi, mpaka akashika mkono wake kwa maumivu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu tunacheka pamoja, na nikawaza kwamba hadithi kama ile ungeisimulia wewe vizuri zaidi.

Lakini Mama kicheko kilipomwisha alisema afadhali Tabasamu. Nikamkumbusha jogoo. Akasema kila mfanyabiashara ana ujanja wake, na angalau yule alimsikiliza. Nilielewa alichopenda. Tabasamu alimwambia kwamba hakukosea juu yako, na mtu aliyemfukuza mwanawe anahitaji sana kuambiwa hivyo.

Wa tatu ni mwanamke. Nililetewa na muuguzi mkuu wa zahanati, yule ninayemshonea sare, kwa sababu ndiye aliyefunga sola ya zahanati. Wanamwita Mama Ngazi. Alikuja na pikipiki, ngazi ya kukunja imefungwa pembeni, suruali ina madoa ya rangi. Hakusifu mapazia. Aliomba maji ya kunywa, akazunguka nyumba yote mara mbili, akasimama uani akatazama kivuli cha mti wa jirani, ndipo akaingia ndani kusalimia. Mama hakumpenda. Alininong'oneza kwamba fundi asiyejua hata kuongea na wateja hawezi kuwa na wateja.

Mama Ngazi akaniomba daftari langu. Alilisoma mstari kwa mstari, akatumia kalamu yangu kujumlisha. Nikaona nimpe swali lake kabla hajaniuliza lolote, maana alinibana kwa ule ukimya wake. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba pasi hapana. Nipige pasi umeme wa kawaida unapokuwepo, ukikatika nitumie ya mkaa, na atakayeniambia vingine nisimfungulie mlango. Ni maneno yako neno kwa neno, mdogo wangu.

Akapanda juu. Alikaa huko muda mrefu, tunasikia bati likilia. Alifuta vumbi la miaka miwili kwa kitambaa, akachomeka mita yake, akamwita Mama atoke uani aone namba. Akasema paneli hizi ni nzima kabisa, tena zimefungwa na mtu anayejua kazi, mwelekeo sawa, nati hazina kutu, waya umepitishwa kwenye mpira ili panya wasiutafune. Nilipomtajia ahadi ya Tabasamu, akasema anayetaka kuziondoa bure anataka kwenda kuziuza kwingine. Na betri ya sebuleni, aliyoipima kabla ya kupanda, bado inafufuka.

Mama alisimama uani akiwa ameshika ule mkono wenye bandeji, anatazama juu, jua linampiga usoni. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama paneli ni nzima na betri ni nzima, basi kilichokufa ni nini. Mama Ngazi akashuka akajifuta mikono, akasema apewe ile inveta ya zamani, ina skrubu nne tu, ataifungua hapohapo mbele yake na kumwonyesha iliungua kwa sababu gani. Kitu cha bandia kinakufa kivyake, akasema, na kilichozidishiwa mzigo kinakufa kivyake, ndani vinaonekana.

Nikasema nimeshaitupa.

Mama akanigeukia. Akasema si ile pale chini ya meza yangu ya kukatia, nimeifunika kitambaa cha bitana, kila siku anaigonga kwa mguu akipita.

Hapo, mdogo wangu, niligeuka mbogo. Nikamwambia Mama Ngazi nimewachoka wote, nao ujanja wao ni uleule. Nikasema anataka kufungua kitu kibovu ili aseme ameona ugonjwa, halafu auze dawa. Nikasema zahanati wamemfuga lakini hapa atoke. Shaka yote niliyokuwa nimewawekea waongo nikaimwaga juu ya mtu mmoja aliyesema kweli, na Mama aliyekuwa ameanza kulainika akaniunga mkono. Mama Ngazi alikunja ngazi yake akaifunga kwenye pikipiki, nami nikamfuata mpaka getini kuhakikisha anaondoka. Alipowasha chombo chake alinitazama bila hasira yoyote.

"Dada," akasema, "nimefunga sola nyumba nyingi. Fundi wa nguo akiniuliza habari za pasi kabla ya kuuliza habari za taa, huwa sihitaji kufungua kitu."

Akaondoka. Mimi nilibaki pale getini nimeshika komeo. Mtego niliowatega wauzaji nilikuwa nimeuingia mwenyewe, na mguu ndani.

Siku tatu nilishona vibaya. Mikono ya sare niliigeuza, wa kulia kushoto, nikafumua, nikarudia kosa lilelile. Mama alimpigia simu Tabasamu mwenyewe, na ajabu, ile bei iliyokufa saa kumi ilikuwa imefufuka.

Jumamosi wakaja na gari la mizigo. Vijana wawili, ngazi ndefu, na Tabasamu na tai yake. Mkataba ukawekwa juu ya mapaja ya Mama, kurasa sita za herufi kama chawa, kalamu akapewa kwenye mkono mzima, ule wa kushoto, asioweza kuandikia. Akasema kwanza waondoe vile vitu juu ya bati, hataki kuviona tena, ndipo atatia saini. Ngazi ikaegemezwa kwenye ukuta wa chumba changu, mbele ya dirisha langu. Mimi nilikuwa nabana pindo la gauni, pini nne mdomoni. Nikaona kiatu cha kijana kwenye kipandio cha kwanza, kikapanda cha pili, kikatoweka juu ya kioo. Nikasikia bati linalia. Kisha spana ikagusa nati yako.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Hili ndilo.

Ni mimi. Nilichomeka pasi.

Unakumbuka zile sare kumi na mbili za wauguzi? Zilitakiwa asubuhi, na umeme wa kawaida ulikuwa umekatika tangu jana yake. Mkaa ulikuwa uani, mvua imeulowesha, sikuwa na nguvu ya kuupepea. Ulikuwa umebandika kikaratasi juu ya soketi, kwa ule mwandiko wako unaolalia kushoto, PASI HAPANA FUTI, na chini yake ukachora pasi yenye macho ili nicheke. Nikakitazama. Nikasema kola moja tu. Inveta ikapiga kelele ikajizima. Ingeishia hapo isingekufa, ilikuwa inajikinga, kama ulivyoniambia itafanya. Lakini niliiwasha tena. Ikajizima, nikaiwasha. Nilipiga pasi kola tano kwa mtindo huo, mdogo wangu, nikiibonyeza kama mtu anayemwamsha mgonjwa kwa makofi, mpaka ikatoa harufu ya mpira kuungua na haikulia tena.

Nikabandua kikaratasi. Hilo nililifanya kwanza, kabla hata ya kufungua dirisha moshi utoke. Mama alipoingia nikamwambia imekufa yenyewe. Nilidhani utakuja uitengeneze tucheke yaishe. Sikujua atakukataza kuigusa. Sikujua atasema neno bandia mbele ya Mama Duka. Na ulipotoka siku ile, begi mkononi, hukumtazama Mama. Ulinitazama mimi. Ukaniuliza taratibu kama kuna kitu kizito nilichochomeka, nami nikakujibu kwa macho makavu kwamba hakuna. Ulijua. Nimeishi miaka miwili nikijua kwamba ulijua, na kwamba ulinyamaza ili Mama asibaki bila mtoto hata mmoja wa kumwamini. Watu kumi na moja wamekuita tapeli, ukahama mji na wifi akiwa mjamzito, na mimi huku napima viuno vya watu na kuwashika uongo wao.

Jumamosi nilitema pini nikatoka. Nilisimama chini ya ngazi nikamwambia kijana ashuke. Tabasamu akaanza maneno, sikumsikia. Nikapiga magoti mbele ya Mama, na mkataba bado uko mapajani pake, nikamwambia kama nilivyokuandikia hapa, kola tano, na kikaratasi. Sikujitetea. Nilitamani anipige.

Mama hakunipiga. Aliuondoa mkataba mapajani akaukabidhi kwa Tabasamu, akamwambia ngazi yake isiguse tena ukuta wake. Walipoondoka aligeuka akatazama dirisha la chumba changu. Kisha akasema:

"Miaka miwili namficha mwanangu kama ugonjwa, na wewe unapiga pasi hapo pembeni yangu."

Tangu jana hajaniambia neno jingine ila mawili. La kwanza ni amri. Nyumba zote kumi na moja nizipitie kwa miguu yangu, mlango kwa mlango, niseme nilichofanya, na nisimtume mtu wala nisipige simu. Jana jioni na leo asubuhi nimemaliza saba. Mama Duka alicheka kwanza, akadhani natania, halafu akahesabu kwa vidole miaka ambayo angekuwa na friji. Mzee wa nyumba ya kona alinifungia mlango. Muuguzi mkuu, ambaye sare zake ndizo hizo, alishika kola yake mwenyewe akaiangalia, akaniambia nikae chini kabla sijaanguka. Zimebaki nyumba nne, nazo nitakwenda nikishafunga barua hii.

Mama Ngazi nilimpigia nikamwomba radhi. Akasema inveta mpya anaweza kuileta hata kesho. Lakini Mama amekataa, akasema waya za mwanawe hazishikwi na mtu mwingine. Kwa hiyo tuko gizani kama zamani, ukumbini tumeweka kibatari ili asianguke tena, na mimi napiga pasi ya mkaa na macho yananitoka machozi. Sikuombi uje ufunge chochote. Sikuombi hata unisamehe upesi, maana mimi sikukukosea upesi, nilikukosea kila siku kwa miaka miwili, asubuhi na jioni.

Neno la pili la Mama ni hili, ameniambia niliandike lilivyo, nisiongeze wala nisipunguze: "Mwanangu, paneli zako zipo juu, ni nzima, nimeziona namba zake. Nilikukataza kufungua kile kitu na ilikuwa haki yako. Usipoweza kuja, nitakuja mimi na mkono huu huu." Nilipomaliza kuandika alinyang'anya kalamu akajaribu kuweka alama yake kwa mkono wa kushoto. Ndiyo ile mistari unayoiona hapo pembeni, usidhani ni wino uliomwagika.

Ndani ya bahasha utakuta kikaratasi. Sikuwahi kukitupa, nilikiweka kwenye daftari la vipimo, kwenye ukurasa wako, ule wa suti ya harusi. Gundi imekauka lakini pasi bado ina macho. Nimekirudisha ili usije ukasema sina ushahidi, na ili wifi naye akione kwa macho yake.

Msalimie sana, umwambie kiapo changu nimekivunja, najua nimekuudhi. Mshike mtoto mkono kwa niaba yangu. Na kama utaona vyema kunijibu, hata kwa mstari mmoja wa matusi, nitaupokea kwa mikono miwili na kumsomea Mama wote.

Ni mimi dada yako,
Futi,
niliyechomeka pasi.